Chakula cha mangaribi nacho kiingie katika programu



Kila koperative tunayotembelea iko na programu yake. Inabandikwa ukutani ao inaandikwa katika daftari ya mwandishi: siku ya kugawa mbegu, siku ya kupalilia shamba la pamoja, siku ya kupima mavuno, siku ya mkutano. Ni jambo nzuri. Sisi mafundi wa ukulima tunazipenda hizo programu, na tunasaidia kuziandika. Lakini iko kazi moja inayofanyika kila siku katika nyumba ya kila mwanachama, na hatuioni katika programu hata moja. Kazi hiyo ni kupika chakula cha mangaribi.

Watu wengi wanasema hayo ni mambo ya jikoni, hayahusu koperative. Sisi tunasema yanahusu. Nyumba ambayo haipangi chakula cha mangaribi cha juma zima itauza mavuno yake vibaya, itanunua chakula wakati bei iko juu, na itakosa mbegu wakati wa kupanda. Koperative yenye nyumba za namna hiyo haiwezi kusimama. Njo maana safari hii hatuandiki juu ya mbolea wala juu ya nafasi kati ya mistari. Tunaandika juu ya chungu.

Sababu gani mangaribi?

Katika nyumba mingi za vijijini, chakula cha mangaribi njo chakula kikubwa, na mara mingi njo chakula kimoja tu ambacho watu wote wanakula pamoja. Asubui ni chai bila kitu ao kiporo. Muchana kila mtu anajitafutia: papa ku njia, watoto ku masomo, mama ku shamba na kipande cha muhogo mkononi. Basi kama sahani ya mangaribi ni bugali na chumvi, siku nzima ya mtoto imekuwa bugali na chumvi.

Uchunguzi wa taifa juu ya watu na afya uliofanyika 2013-2014 ulionyesha kwamba katika inchi yetu watoto 43 kwa 100 wenye chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake kimo chao hakifikie kimo cha umri wao. Na vijijini hali ilikuwa mbaya kupita mijini. Tufikiri kidogo juu ya hilo. Watu wenye kulima maharagi, soya, karanga na mboga njo wenye watoto wanaokosa kukomaa. Mvua na udongo vina sehemu yao, na vita na wizi vina sehemu yao kubwa. Lakini sehemu ingine inatoka katika namna tunavyogawa siku zetu na mifuko yetu.

Juma la nyumba moja

Tuchukue nyumba ya watu 7 katika milima ya Walungu ao ya Kabare: baba, mama, mama mzee na watoto 4. Tuko mwezi wa ine, msimu B, wakati wa kupalilia.

Siku ya kwanza mama anaenda ku shamba la mbali na anarudi jua limelala. Siku ya pili analima karibu na nyumba. Siku ya tatu ni soko: anabeba mzigo asubui sana, anarudi mangaribi na miguu inamuuma. Siku ya ine anapeleka mtoto mdogo ku kituo cha afya kupimwa kilo. Siku ya tano ni mkutano wa koperative, na kisha mkutano ni likelemba. Siku ya posho asubui ni salongo. Siku ya Mungu ni kanisa, na kisha kanisa wageni.

Na hiyo ni juma ambalo hakuna kilichoharibika! Jirani akifiwa, siku tatu zinaenda ku kilio. Mvua ikinyesha mapema, kila mtu anakimbia kuanua muhogo uliokuwa unakauka. Mtoto akifukuzwa ku masomo juu ya minerval, baba anaacha kazi aliyopanga na anaenda kutafuta franka. Njia ikifungwa, mwenye kwenda ku soko anarudi na mzigo wake. Mgeni akiingia saa kumi na moja, hakuna mtu wa kumwambia arudi kesho.

Kwa hiyo tukiambia mama wa nyumba hiyo, «Siku ya kwanza upike sombe, siku ya pili maharagi, siku ya tatu samaki,» atatucheka, na ana haki. Hiyo namna ya kupanga ni ya mtu ambaye siku zake zinafanana. Siku za mkulima hazifanane.

Lakini tuangalie kile kinachotokea pasipo mpango wowote. Jua linashuka, mama anaingia nyumbani, watoto wanauliza: «Mama, tunakula nini?» Saa ile maharagi hayawezi kuiva tena, maana hayakulowekwa. Sombe haijatwangwa. Unga umeisha na mashini imefunga. Basi anatuma mtoto ku duka akope nusu kilo ya unga na kipakiti cha ndagala, na deni inaandikwa. Ao anapika bugali na anatafuta majani yoyote ya kusindikiza. Kesho yake ni vile vile. Mwisho wa mwezi, deni ya duka imekula kile ambacho koperative ilileta. Na hapo watu wanasema koperative haina faida.

Mangaribi za namna tatu

Sisi tunapendekeza mpango ambao hauhesabu majina ya vyakula. Unahesabu namna ya siku. Siku ya Mungu mangaribi, bwana na bibi wakae pamoja robo saa, watoto wakubwa wawepo, na wajiulize swali moja tu juu ya kila siku inayokuja: siku ile, nani atakuwa nyumbani mbele ya jua kushuka, na kwa muda gani? Jibu litaonyesha mangaribi za namna tatu.

Ya kwanza ni mangaribi yenye nafasi. Mtu mzima yuko karibu na nyumba tangu muchana. Siku ile njo ya kupika vitu vinavyokula kuni na saa: maharagi, sombe. Na siku ile tusipike ya siku moja. Maharagi yachemshwe ya mara mbili. Nusu inaungwa na mafuta na kitunguu, inaliwa usiku ule. Nusu ingine inabaki bila mafuta, bila kitunguu, imefunikwa vizuri mahali penye baridi, inangojea kesho. Katika milima yenye baridi hiyo inawezekana bila taabu. Katika joto la bonde la Ruzizi, inafaa kuichemsha tena asubui. Na mahali popote pale, mbele ya kula, yachemke tena sana, yasipashwe moto tu. Yasivuke siku ya pili.

Ya pili ni mangaribi fupi. Watu wanarudi wakati jua linashuka. Hapo tunatumia kile kilichochemshwa jana, ao vitu vinavyoiva haraka: lenga-lenga, matembele, ndagala ao sambaza kavu, mayai kama kuku wametaga, viazi vitamu. Viazi vitamu tunavisahau sana katika hesabu ya mangaribi fupi. Haviombi kutwanga, haviombi mashini, na mtoto wa miaka 12 anaweza kuvichemsha mama akiwa angali ku njia. Vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa vinaleta pia vitamini A, ambayo inalinda macho na nguvu ya mwili wa watoto. Ukitia mafuta kidogo ku mboga inayoliwa navyo, mwili unaipokea vizuri zaidi.

Ya tatu ni mangaribi iliyovunjika: kilio, ugonjwa, mgeni, mvua. Hatujui itaangukia siku gani, lakini tunajua kwamba katika juma itakuwepo moja, pengine mbili. Kwa hiyo kitu kidogo kiwekwe pembeni kwa ajili yake na kisiguswe siku ingine: kopo la unga wa soya iliyokaangwa vizuri, karanga zilizosagwa, ndagala kavu katika chombo chenye mfuniko. Vijiko vichache vya unga wa soya katika mchuzi wa mboga yoyote, ukiiva pamoja nayo, vinageuza sahani ya majani kuwa chakula kinachojenga mwili. Soya isikaangwe nusu nusu: soya mbichi inaleta shida ku tumbo, na mwili hauipati vizuri.

Nyumba yetu ya watu 7 itafanya nini basi? Siku ya kwanza na ya tatu ni fupi. Siku ya pili iko nafasi. Siku ya ine iko nafasi kidogo, maana kituo cha afya kinamaliza muchana. Siku ya tano ni fupi kama mkutano unachelewa. Siku ya posho na siku ya Mungu ziko na nafasi. Basi siku ya Mungu maharagi yanachemshwa ya siku mbili, yanalisha mpaka siku ya kwanza. Siku ya pili tena, yanalisha mpaka siku ya tatu. Siku ya ine sombe inatwangwa na kuchemshwa, inabaki ya siku ya tano. Siku ya posho ni ya kile kilichobaki shambani ao kilichopatikana ku soko. Mama hakuwasha moto mrefu kila siku. Amewasha moto mrefu mara tatu, na mangaribi sita zimepata chakula cha kweli. Kuni zimepungua pia, ao makala kwa wale wanaonunua.

Kama mambo yanabadilika katikati ya juma, mpango hauvunjiki wote. Wanabadilisha siku tu: ile ya nafasi inasogea kesho, ile ya akiba inatumika leo.

Na kuloweka. Maharagi yakilala katika maji usiku mzima, na maji yale yakimwagwa asubui, yanaiva kwa muda mfupi sana kuliko yale makavu, zaidi sana kama ni ya zamani na yamekuwa magumu. Hiyo haiombi mama. Kila mtu mwenye mikono anaweza kumwaga maharagi katika ndoo mbele ya kulala. Papa anaweza.

Haraka ya soko na haraka ya jikoni

Wengine wanafikiri kukosa saa jikoni ni taabu ndogo, mtu anachoka tu. Hapana. Inaweza kuharibu mwili wa mtu kwa maisha yote.

Upande wa Bandundu ya zamani, watu wanajua ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Trolli aliandika juu yake mwaka wa 1938, aliuona kule Kwango. Miguu ya mtu inakakamaa kwa gafula, na haiponi. Unashika zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Unatoka ku muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, ukiliwa na mtu ambaye hapati maharagi, samaki wala nyama vya kutosha. Mwaka wa 1992 watafiti waliandika kile walichoona kule: barabara ya lami kwenda Kinshasa ilipofanya biashara ya muhogo iende mbio, familia zilipunguza siku za kuloweka, zikatoka ku siku tatu zikafika ku moja. Wateja walikuwa wanangoja, muhogo ulikuwa unauzwa haraka. Watu hawakukosa akili wala hawakukosa desturi nzuri. Walikosa siku.

Sisi tunaolima muhogo huku Kivu tusome hiyo habari kama ya kwetu. Koperative yetu nayo inatafuta soko, inatafuta gari, inatafuta mteja wa kununua tani mingi. Tunafurahi nayo. Lakini kila tunapoongeza haraka ya kuuza, tujiulize haraka hiyo inachukuliwa ku saa za nani. Muhogo mchungu ukae katika maji siku tatu mpaka ine, hata kama gari la mteja limefika siku ya pili. Na mpango wa mangaribi unasaidia hapo pia: nyumba inayojua kwamba unga utaisha siku ya tano inaanza kuloweka siku kumi mbele, haiparamii muhogo wa jana.

Hesabu ya mfuko

Sasa tuingie mahali ambapo chungu na koperative vinakutana kabisa: siku ya kupima mavuno.

Nyumba ya watu 7 ikila maharagi mangaribi ine kwa juma, kilo 1 kwa kila mangaribi, ni kilo 4 kwa juma. Tangu mavuno ya msimu A, mwezi wa kwanza, mpaka mavuno ya msimu B, mwezi wa sita, ni karibu majuma 20. Ine mara 20 ni kilo 80. Hiyo ni chakula peke yake. Mbegu ya msimu B iko pembeni: kwa maharagi mafupi, shamba la are 20 linaomba kilo 16 mpaka 20.

Kila mtu apige hesabu yake, maana nyumba hazilingane. Lakini apige! Nyumba mingi hazijui hesabu hii. Zinavuna, zinaona mifuko miwili imejaa, deni iko inabisha ku mlango, na mifuko miwili inaenda. Mwezi wa tatu maharagi yameisha. Mwezi wa ine mama anayanunua ku soko kwa makopo, moja moja. Bei ya mwezi wa ine haiko bei ya mwezi wa kwanza; hakuna mkulima ambaye hajui hilo. Tuseme uliuza kilo kwa franka 1.500 na unainunua kwa franka 2.500. Kilo 40 tu, umepoteza franka 40.000. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani. Umezitoa wewe mwenyewe.

Kwa hiyo tunasema: mfuko wa nyumba upimwe mbele ya mfuko wa kuuza. Kwanza mbegu, pili chakula cha majuma 20, tatu deni na soko. Kama mavuno hayatoshi yote matatu, na miaka mingine hayatoshi, angalau bwana na bibi watajua mapema kwamba watapungukiwa kilo ngapi. Watapanda viazi vitamu zaidi ku kando ya shamba, ao watauza kitu kingine, mbuzi ao makala, wakati bei ya maharagi ingali chini. Na mfuko huo ulindwe na wadudu: mifuko ya matabaka matatu inayofungwa bila hewa kuingia inafanya kazi vizuri, asiye nayo achanganye maharagi makavu na majivu safi.

Watu wanatujibu nini

Tukisema haya katika mikutano, tunapata majibu matatu. Yote yanastahili kusikilizwa.

Wa kwanza anasema: «Sisi ni maskini, tupange nini?» Tunamwambia kwamba tajiri njo anaweza kuishi bila kupanga. Akisahau, ananunua. Mwenye mfuko mmoja hana kitu cha kumsahihishia. Lakini tukubali ukweli: mpango hauzae chakula. Mwaka ambapo mvua imekatika, ao watu wamekimbia mashamba yao, hakuna robo saa ya siku ya Mungu itakayojaza chungu. Mpango unalinda kile kilichopo, basi. Na kile kilichopo mara mingi kinaharibika mbele ya macho yetu.

Wa pili anasema: «Mama wako na kazi mingi, mnawaongezea ingine.» Hiyo inatugusa, maana ingeweza kuwa kweli. Tukileta karatasi ya kujaza, na mama peke yake akaijaza, tumeongeza mzigo. Kwa hiyo hatuombi karatasi. Alama saba za makala ku ukuta wa jiko zinatosha, ao mtoto anayesoma aandike katika daftari ya zamani. Na ikiwa kisha juma mbili mama hajaona mzigo wake umepungua hata kidogo, basi nyumba ile imepanga vibaya: kazi zote zimebaki kwake. Ianze upya kwa kugawa.

Wa tatu, na huyu anasema kwa sauti ya chini: «Mwanaume haingii jikoni.» Hatutaki kugombana na desturi za mtu. Lakini tuulize: nani alitoa mfuko wa maharagi nyumbani mwezi wa kwanza? Mara mingi ni papa. Na nani anaulizwa mwezi wa ine, «Leo tunakula nini?» Ni mama. Mmoja anaamua, mwingine anajibu. Hiyo haiwezi kuenda. Mwenye kuuza mfuko aketi chini wakati wa kupanga sahani. Kisha hapo, kupeleka muhogo ku mashini, kupasua kuni, kuloweka maharagi, kuchuma lenga-lenga wakati wa kurudi ku shamba, hizo zote ni kazi za nje ya jiko ao za dakika tano, na hazijapunguza heshima ya papa yeyote.

Kile tunachoomba koperative

Nyumba zitafanya sehemu yao. Lakini iko sehemu ambayo nyumba haiwezi, na koperative inaweza. Tunaomba komite ya kila koperative ilete mambo haya ine katika mkutano unaokuja.

La kwanza, saa. Mkutano ulioandikwa 9h00 uanze 9h00, na umalizike mbele ya 12h00. Mkutano unaoanza 11h30 na kuisha 16h00 unaharibu mangaribi ya nyumba 50 kwa mara moja. Na usiwekwe siku ya soko, wala siku ya kufuata soko wakati wa kupalilia. Kama mama hawaji ku mikutano, tusiseme hawapendi koperative. Tuangalie kwanza saa.

La pili, mfuko wa nyumba. Mbele ya kupima, anayepokea mavuno amuulize kila mwanachama: «Mfuko wa nyumba uko wapi?» Asimlazimishe, mavuno ni yake. Amuulize tu, mbele ya bwana na bibi wote wawili, na aandike jibu. Swali peke yake litafanya watu wapige hesabu wakiwa bado nyumbani. Na siku ya kulipa, wote wawili waitwe.

La tatu, mbegu. Tunapochagua aina za maharagi, tunauliza zinazaa kilo ngapi, zinavumilia ugonjwa gani, ku soko rangi gani inapendwa. Tuulize pia: inaiva kwa muda gani? Kituo cha INERA cha Mulungu, pale Kabare, kinafanya utafiti juu ya maharagi, na aina zenye chuma mingi zimefika katika mashamba ya Kivu. Aina mbili zinaweza kulingana ku shamba na zisilingane kabisa ku moto. Mbele ya kununua mbegu ya koperative nzima, mama wachemshe kilo moja ya kila aina, katika vyungu vinavyofanana, na wahesabu. Neno lao liandikwe pamoja na neno la fundi.

La ine, mboga za haraka. Lenga-lenga inaanza kuchumwa kisha majuma matatu ao ine tangu kupandwa. Koperative ikinunua mbegu yake pamoja, kila nyumba ikapata tuta mbili karibu na mlango, na ikapanda tuta moja leo na ingine kisha majuma mawili, mboga ya mangaribi fupi haitakosekana. Wakati wa jua, msimu C, tuta hizo zishuke ku bonde ao zikae mahali ambapo maji ya kunawa yanamwagwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo mambo ine linaloomba mradi mpya ao feza za nje. Yanaomba komite ikubali kwamba saa ya mama ni mali ya koperative kama vile mbegu na mfuko ni mali yake, na kwamba mali isiyohesabiwa inapotea.

Wakati wa mavuno yanayokuja, mbele ya gari la mteja kufika, kila mwanachama aketi na wa nyumbani mwake na ahesabu: tuko wangapi, tunakula maharagi mangaribi ngapi kwa juma, yabaki majuma mangapi mpaka mavuno mengine. Hesabu hiyo hata mtoto wa primeri anaweza kuifanya. Halafu mfuko ufungwe, uandikwe jina la nyumba, na uingizwe ndani. Unaobaki njo wa kuuza.